Siti binti Saad na Kaniki Yake

Mwaka huu kila mwanachama wa Chama cha Kiswahili alitakiwa aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kutangulia mbele ya haki. Wenzangu wengi walikimbilia wapigania uhuru. Wawili waligombania Shaaban Robert hata mlezi wa chama akaingilia kati. Mimi nilimchagua Siti binti Saad wa Unguja, na darasa zima likaangua kicheko. Ati msichana wa Salgaa ana shughuli gani na mwimbaji wa taarabu? Shughuli ninayo, tena kubwa. Shughuli yenyewe ni nguo. Hebu nifuate pole pole.

Kwanza nikujulishe Salgaa kama hujawahi kupita, ingawa sijui utatokaje Nakuru kwenda Eldoret kwa barabara kuu bila kutuona. Ni mji mdogo wa barabarani. Malori yanayopanda kutoka bandari ya Mombasa kwenda Malaba, Uganda na hata Kongo husimama hapa, madereva wakala, wakalala, kisha wakaendelea. Kwa hiyo vitu vya pwani hutufikia upesi. Viazi vyetu hushuka, leso zao hupanda.

Leso, au kanga kama wasemavyo wenzetu wa Tanzania, ndiyo nguo ya kila mama hapa. Hubebea mtoto, hujifunga kiunoni akienda shambani, huitandika chini kwenye mkutano wa chama, hujifunikia baridi ya asubuhi ambayo kwetu si mchezo. Tena hakuna arusi bila leso. Majirani zetu Wakalenjin hawaikosi katika koito, na sisi Wakikuyu bila leso hatuna ruracio. Mwezi wa Aprili nilikuwa katika ruracio ya binamu yangu. Wasichana saba tulifunikwa leso kuanzia utosini hadi vidoleni, tukasimamishwa mstari mmoja, na bwana arusi akatakiwa amtambue wake. Angekosea angetozwa faini, na mashangazi walikuwa wakimwombea akosee! Chini ya leso ile huoni kitu. Unasikia vicheko na nyimbo za akina mama, na wewe mwenyewe huna jina wala sura mpaka mtu akufunue. Wenzangu walikuwa wakicheka. Mimi nilishikwa na fikira.

Baadaye nikamwuliza nyanya yangu nguo hii ilitoka wapi, maana wazee wetu wa zamani walivaa ngozi. Akaniambia kwamba yeye aliikuta, na mama yake vile vile aliikuta. Jibu hilo halikunitosha. Ndipo nikaanza kusoma, na kusoma huko kukanifikisha kijiji cha Fumba.

Fumba iko kusini-magharibi ya kisiwa cha Unguja. Huko, yapata mwaka 1880, alizaliwa mtoto wa kike akapewa jina la Mtumwa. Usidhani ni utani. Baba yake Saad asili yake alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na mama yake asili yake Mzigua wa upande wa Tanga, ingawa wote wawili walizaliwa papo hapo Unguja. Biashara ya kuuza watu ilikuwa imepigwa marufuku tangu 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza. Lakini kuuza ni kitu kimoja na kumiliki ni kingine. Sheria haikuacha kuutambua utumwa wenyewe mpaka 1897, na masuria wakangojeshwa hadi 1909. Basi binti yule alikua akiitwa kwa hali waliyokuwa nayo watu wa namna yake. Kila aliyemwita jina alimkumbusha.

Katika mji wa Unguja wa siku zile hukuhitaji kumwuliza mtu yeye ni nani. Ulimtazama nguo. Mabibi wa kiungwana walivaa hariri na kujifunika barakoa usoni. Huko Lamu walikuwa wakitembea ndani ya shiraa, hema la nguo ambalo vijakazi walilishika na kwenda nalo pande zote ili bibi asionekane. Waliolishika wao walionekana, wala hakuna aliyejali. Mjakazi hakuruhusiwa kujifunika kichwa mbele ya bwana zake. Kufunikwa kulikuwa haki ya mwenye heshima. Niliposoma hayo nikaikumbuka ile leso ya ruracio, nikaona kwamba nilikuwa nimelalamikia kitu ambacho wanawake wengine walikililia.

Mtumwa alivishwa merikani. Hiki ni kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kilicholetwa na merikebu za wafanyabiashara wa Salem huko Marekani, na ndiyo sababu ya jina lake. Misafara ya bara ilikibeba kama fedha, kwa hiyo hata bonde letu hili la Ufa lilikijua kabla ya kujua shilingi. Wanawake waliopewa merikani hawakuridhika nayo. Walikichovya kitambaa kile katika nili mpaka kikawa cheusi chenye ubuluu, nao wakakiita kaniki. Jambo hili naomba lizingatiwe. Merikani walipewa. Kaniki waliifanya kwa mikono yao. Haikuwa hariri, ndiyo, lakini rangi ile ilikuwa uamuzi wao wa kwanza juu ya miili yao wenyewe.

Kisha ikaja kanga. Katika miaka ya 1870 na 1880 akina mama wa Unguja na Mombasa walikuwa wakinunua leso za mkononi, jina walilolipokea kutoka kwa Wareno, zikiwa bado hazijakatwa moja moja. Walikata vipande viwili vya leso tatu tatu na kuvishona pamoja vikawa nguo moja pana. Wafanyabiashara wakaona faida, wakaanza kuagiza nguo nzima iliyochapwa tayari. Inasimuliwa kwamba za mwanzo zilikuwa na madoadoa kama ya ndege kanga, nalo jina likabaki. Mombasa, Kaderdina Hajee Essak alifungua biashara yake mwaka 1887, na kanga zake zikajulikana kote kwa jina la Mali ya Abdulla. Wengi humtaja yeye kuwa ndiye aliyezidisha mtindo wa kutia maneno kwenye kanga, mwanzo kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa hizi tunazotumia shuleni. Pindo, mji na jina: hivyo ndivyo kanga ilivyokamilika. Kwa hiyo Siti na kanga ni marika. Walizaliwa wakati mmoja, katika kisiwa kimoja, na waliofurahia kanga kuliko wote walikuwa wanawake waliokuwa wakitoka katika merikani na kaniki. Akijifunga kanga mpya, nani tena angejua jana alikuwa mjakazi wa nani?

Miongoni mwa kanga zote nitaitaja moja tu, nayo ni kisutu. Ni ile yenye rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambayo pwani ndiyo ya bibi arusi. Kanga nyingine huja na kupita kama nyimbo za redio, lakini kisutu kimebaki vile vile miaka nenda miaka rudi. Anayoivaa msichana wa leso ile ni sawa na aliyoivaa bibi yake. Huvishwa wakati somo au kungwi anamfunza mwari mambo ya unyumba, anasingwa, anapakwa hina. Mafunzo hayo hayakuandikwa popote. Yalipita kwa mdomo, kwa ngoma na kwa nguo.

Turudi kwa binti Saad. Mama yake alimfunza ufinyanzi, na kazi ya binti ikawa kuchukua vyungu kichwani na kuvitembeza mjini. Mchuuzi hutangaza bidhaa, na yeye alitangaza kwa kuimba. Watu waliijua sauti kabla ya kumwona mwenyewe, wakajua vyungu vinakuja. Alifanya hivyo miaka mingi. Shule hakwenda. Mwaka 1911 akahamia mjini moja kwa moja, na kwa umri wake watu wangesema amechelewa.

Taarabu wakati huo ilikuwa ya wakubwa. Sultani Barghash ndiye aliyeileta, kwa kumpeleka Mohamed Ibrahim huko Misri kujifunza muziki, na mwaka 1905 vijana wa mji wakaunda kikundi cha Ikhwani Safaa. Nyimbo ziliimbwa kwa Kiarabu na waimbaji wakawa wanaume. Mmoja wa wanachama wa kikundi hicho, Ali Muhsin, alimsikia yule mama wa vyungu, akamfundisha mahadhi na namna ya kuimba na ala. Baadaye akawa na kundi lake mwenyewe, lenye Subeti bin Ambari, Mbaruku, Budda bin Swedi na Maalim Shaaban. Wanaume watupu, na mwanamke mmoja mbele yao! Tena akaimba kwa Kiswahili, lugha ya sokoni na ya jikoni, ambayo mpika mandazi na mpagazi waliielewa bila mkalimani.

Hapo ndipo jina la Mtumwa lilipokufa. Watu wakamwita Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi wa heshima. Na Siti akapanda jukwaani akiwa amejifunika kama mabibi walivyojifunika. Siku zile buibui lilikuwa limeingia Unguja, na wanawake waliokatazwa kufunika vichwa walilipokea kwa furaha. Leo kuna wanaobishana kama vazi hilo linamfunga mwanamke au la. Sitaingia katika ubishi huo. Nasema tu kwamba kwa mtoto wa watumwa wa Fumba, kujifunika kulikuwa ni kudai kitu alichonyimwa mama yake.

Mafanikio huzaa husuda, na husuda ya Unguja huimbwa. Wapinzani wake walimtungia wimbo ambao hadi leo watu wazima wengi wanaujua kwa moyo. Maana yake ni kwamba huyu Siti alikuwa mtu tangu lini, kwani aliingia mjini akiwa na kaniki, na lau si sauti angepata wapi chakula. Umeona? Wangeweza kumcheka kwa vyungu. Wangeweza kumcheka kwa sura, na hilo nalo walilifanya. Lakini walipotafuta neno la kumrudisha chini kabisa, walitaja nguo. Kila msikilizaji alielewa bila kufafanuliwa kwamba kaniki maana yake ni utumwa.

Siti alijibu kwa wimbo. Alisema, kwa maneno yake mwenyewe ambayo sitayanakili hapa, kwamba uzuri wa sura si hoja na kwamba la kutazamwa ni akili. Waalimu wengi husifu jibu hilo, nami nalipenda. Ila kuna jambo linalonisumbua. Ukiuliza watu kumi, wanane watakuimbia tusi na wawili labda watakumbuka jibu. Tena wanaosimulia habari hii husema kaniki kana kwamba kweli ilikuwa aibu, na Siti akaishinda aibu hiyo. Sikubali. Aibu ilikuwa ya waliomvisha mtu merikani na kumwita mali. Kaniki ilikuwa kazi ya wanawake wenyewe walioikataa nguo ya mtumwa kwa chungu cha nili. Kama Siti aliingia mjini na kaniki, basi aliingia na kitu cha kwao.

Mwezi wa Machi mwaka 1928 Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay, India, kurekodi sahani za santuri kwa kampuni ya His Master's Voice. Fikiria mama wa miaka karibu hamsini, asiyejua kusoma, anavuka Bahari ya Hindi kwenda kuimba ndani ya pembe ya chuma au kikuza sauti! Sahani hizo ziliuzwa kwa maelfu. Zilipigwa katika mikahawa ya Unguja, Mombasa, Dar es Salaam na kwingineko, na watu waliosimama nje ya mlango wakasikia Kiswahili kikitoka katika mashine. Hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyetangulia kufanya hivyo.

Na aliimba nini? Mapenzi, naam, lakini si hayo tu. Aliimba mashauri ya mahakamani, matajiri wanaodhulumu, na wakubwa wanaokula fedha. Wimbo wake unaoitwa Kijiti unahusu mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja na mwanamume wa jina hilo. Muuaji alitorokea bara, na waliofika mbele ya hakimu wakapata adhabu ni wanawake waliokuwa naye. Mahakama ilimaliza kesi, Siti akaifungua tena kwa wimbo, na sasa ni karibu miaka mia moja haijafungwa. Nilipousoma mkasa huo nililala na hasira, kwani mambo ya namna hiyo sisi wa barabara ya malori tunayajua.

Aliitwa kuimba katika jumba la Sultani Khalifa bin Haroub na aliitwa katika arusi za Ng'ambo, upande wa mji walikoishi maskini na waliotoka utumwani. Katika arusi hizo akina mama walikuwa, na wangali, wakivaa kanga za sare, kundi zima doti za aina moja. Aliyekuwa na la kusema na hakuweza kulitamka alilitafutia kanga yenye jina linalofaa, akapita nayo mbele ya mkwe au mke mwenza. Siti alisema kwa sauti yale ambayo wao waliyasema kwa pindo na jina. Ndiyo maana kwangu mimi taarabu na leso ni kazi moja.

Mwaka 1950 alikuwa mzee na mgonjwa. Shaaban Robert alimwendea, akazungumza naye, akaandika kitabu kinachoitwa Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alifariki mwezi wa Julai mwaka huo huo. Jamani, lau mwandishi yule angechelewa miezi michache! Hatungejua habari za Fumba wala za vyungu isipokuwa kwa tetesi.

Sauti yake iliendelezwa na Fatuma binti Baraka, maarufu Bi Kidude, aliyejifunza nyimbo zake. Bi Kidude hakuwa mwimbaji peke yake. Alikuwa mpiga ngoma ya unyago, mfunza wari na mpaka hina, yaani yale yote ya kisutu niliyoyataja juu yalikuwa mikononi mwake. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Mwaka 1988 chama cha wanahabari wanawake cha Tanzania, TAMWA, kilianzisha gazeti kikaliita Sauti ya Siti. Na kuna mchoraji Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954 akapelekwa Uingereza angali mtoto mchanga. Ameshika mtindo wa kanga, pindo, mji na jina, akaufanya michoro inayotundikwa ukutani katika majumba ya sanaa, na mwaka 2017 alishinda tuzo kubwa ya Turner. Aliondoka kisiwani kabla ya kujua kutembea, lakini kanga ilimfuata.

Nilirudi kwa nyanya na habari hizi zote. Alisikiliza mpaka mwisho huku akichambua maharagwe, kisha akaingia ndani akatoka na sanduku lake la bati. Ndani mlikuwa na leso alizopewa siku alipochukuliwa na babu. Zimechujuka, moja imeliwa na panya pembeni. Akanionyesha iliyofunika kichwa chake siku hiyo, akanitajia aliyempa kila moja, shangazi fulani, jirani fulani, mke wa dukawala fulani, mpaka zikaisha kumi na moja. Wote wamekufa. Kusoma maandishi hajui, lakini leso zile alizisoma moja baada ya moja bila kukosea, nami nikachukua daftari nikaandika majina.

Anayetaka kumjua Siti zaidi, kitabu cha Shaaban Robert kimo katika kabati la chama. Kurasa zake za katikati zimelegea, kwa hiyo atakayekiazima akishike kwa utaratibu na akirudishe kabla ya mtihani wa muhula.